Mlango wa Thelathini na Tatu

Siku ile katika chumba cha mitambo tulikuwa watu watano, na ninawataja wote kabla sijasimulia lolote. Alikuwepo Mzee Chihoma, fundi mkuu wa mtandao, aliyekuwa amebakiza miezi mitatu astaafu. Alikuwepo Injinia Kessy, mkuu mpya wa kitengo chetu, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kuligusa. Alikuwepo Bi Zuhura, msimamizi wa mitihani, mwenyeji wa mjini kabisa, ambaye mtandio wake haukuteleza hata upepo wa Dodoma uvume namna gani. Alikuwepo Sadiki, fundi umeme, mtu wa maneno. Na nilikuwepo mimi, Foibe Ndahani, kibarua wa mtandao, elimu yangu darasa la sita. Wanafunzi walikuwa wamepanga foleni nje ya chumba kipya cha kompyuta, lakini hao siwahesabu, hawakuona kitu.

Ninyi vijana mlioko kazini sasa mnaijua siku ile kwa msemo tu. Fundi akifuta kitu kwenye ruta bila kuandika, mnamwambia, "Umepiga Chihoma." Nimewasikia. Wanasema hata wale ambao hawakuwahi kumwona huyo Mzee Chihoma kwa macho. Basi leo nitawaeleza hiyo Chihoma ilipigwa na nani. Ila lazima nianze na ruta yenyewe, maana bila ruta hamtaona uzito wa jambo, na wanaonijua wanajua siwezi kupita mbele ya ruta nisiisemee.

Ruta ni kile kisanduku kinachopokea mawasiliano kutoka nje na kuyagawa ndani. Ile ya chuo chetu, pale upande wa Ihumwa, ilikuwa na tundu moja tu la waya kuelekea majengo. Tundu moja, na ofisi ni nyingi. Sasa utafanyaje ili wanafunzi wasiingie kwenye kompyuta zinazotunza alama zao? Unatengeneza milango pepe. Waya unabaki mmoja, lakini ndani ya ruta unaandika kwamba hapa pana mlango wa maabara, hapa wa famasia, hapa wa maktaba, na kila mlango unaupa namba yake na anwani yake. Kwa macho huoni kitu. Ruta inaona. Mzigo wa maabara ukifika unaingia mlango wa maabara, wala haujui kama famasia ipo duniani.

Kazi nzuri, na ukishaijua inakupa kiburi kidogo. Unakaa kwenye kiti, unaandika mistari minne, na ofisi nzima inapata mtandao wake bila mtu kushika nyundo.

Kinachowaponza watu ni kwamba milango hiyo ina kikomo. Huyu mtengenezaji ameweka kumi na sita, yule mia tatu. Ruta yetu ilikubali thelathini na miwili, yote kwa jumla, si kwa kila tundu. Imeandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji, kwa herufi ndogo, ukurasa ambao hakuna mtu anaufungua. Ninyi mnaniambia ruta za siku hizi zinabeba maelfu. Sawa. Kikomo hakijaondoka, kimesogezwa tu mbali kidogo, na siku utakapokifikia utakuwa na watu wengi zaidi wanaokusubiri mlangoni.

Tena kuna jambo la pili, na hili halikuwa kwenye karatasi kabisa. Alinifundisha Mzee Chihoma. Ruta ya namna ile, ukifuta mlango pepe, jina linaondoka kwenye orodha lakini nafasi yake haiachii. Mlango umekufa ila kiti chake bado unakikalia, mpaka siku ruta itakapozimwa na kuwashwa upya. Kwa hiyo ukihesabu kwenye orodha unapata idadi ya walio hai tu, na ruta inakuhesabia wote.

Ndiyo maana Mzee alikuwa na daftari. Daftari kubwa la mistari, jalada gumu. Kila mlango ulioongezwa uliandikwa kwa kalamu ya bluu. Kila uliofutwa uliandikwa kwa nyekundu. Ukitaka kujua umebakiza nafasi ngapi, hukuiuliza ruta, ulihesabu bluu zote tangu ruta ilipowashwa mara ya mwisho, na nyekundu hukuzitoa. Na daftari halikufutwa. Ukikosea, ulipiga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, ukaandika lililo sahihi pembeni, ukaweka saini, na mtu wa pili aliyekuwepo siku hiyo akasaini chini yako.

"Ruta inasahau," alikuwa akiniambia. "Umeme ukikatika inaamka kama mtoto mchanga. Karatasi haisahau. Andika."

Nilifikaje mimi kwenye kiti kile? Kwa sururu. Wazazi wetu walifariki, wa kwanza baba nikiwa darasa la tano, mwaka uliofuata mama nikiwa la sita. Tulikuwa wanne na mimi ndiye mkubwa. Yona, Mariamu na Hosea walikuwa wananitazama mimi, nami nilikuwa namtazama nani? Shule niliiacha bila kuaga. Baada ya miaka ya kufua na kuchota maji ya watu, nikasikia wanataka vibarua wa kuchimba mitaro ya nyaya za simu pale Kikuyu, hapa hapa Dodoma. Nikaenda. Msimamizi akanitazama, akasema, "Binti, huu si mfereji wa mchicha." Mnaijua ardhi yetu ya kiangazi. Unapiga sururu inarudi kukutazama. Nilichimba mita zangu za siku ile, nikachimba na nusu ya mita za jamaa mmoja aliyekuwa anajidai anaumwa mgongo. Kesho yake msimamizi aliniita kwa jina.

Kutoka mtaroni nikahamia kuvuta waya, kutoka waya nikahamia kuubana kichwa chake kinachoingia tunduni, na siku moja Mzee Chihoma akanikuta nimebandika vipande vya karatasi kwenye ncha zote mbili za kila waya, nimeandika unatoka wapi na unakwenda wapi. Hakuna aliyeniagiza. Nilikuwa nimechoka kuvuta waya usio wangu.

Akauliza, "Nani amekufundisha hivi?"

"Nguo za wadogo zangu, Mzee. Bila kuweka alama wanapigana."

Alicheka, akanipeleka ndani akanionyesha ruta.

Kiingereza sikuwa nacho. Amri za ruta ni Kiingereza. Nilizinakili kwenye daftari kama mtu anavyonakili nyimbo za kwaya, herufi kwa herufi, na Yona, aliyekuwa kidato cha kwanza wakati huo, ndiye aliyenitafsiria jioni akiwa na kamusi ya shule. Tulicheka siku moja mpaka Mariamu akatoka nje. Amri ya kufungua mlango kwenye ruta ile haikuwa na neno fungua. Ilisema usifunge. "Dada," Yona akaniambia, "hawa wazungu wanaiambia mashine isifanye jambo ambalo haijafanya." Mpaka leo nikiiandika ninasikia sauti yake.

Kwa hiyo mtu asikutishe kwa lugha. Amri ni kama njia ya kwenda kisimani, ukiipita kila siku miguu inaijua. Kinachotakiwa ni kuandika, kuhesabu, na kuhifadhi ulichofanya kabla hujainuka kwenye kiti. Na kupuliza vumbi. Nimeona mafundi wa vyeti viwili wanatafuta kosa la mtandao kutwa nzima, na kosa ni vumbi letu hili jekundu limejaa kwenye feni.

Turudi kwenye siku ile. Au niseme wiki ile, maana kosa lilianza Jumatatu na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa.

Chuo kilikuwa kimepata jengo jipya, na wakuu wa idara walikuwa wanahamia. Hapa ndipo tabia yetu ilipoingia. Kila mkuu wa idara alitaka mlango wake. Hawakuuhitaji, waliutaka tu kama wanavyotaka kibao mlangoni na kiti cha kuzunguka. Walisikia maabara wana mtandao wao wenyewe, basi ikawa sifa. Mkuu wa stoo alikuja na karatasi.

"Da Foibe, mimi nasikia niko pamoja na mapokezi."

"Ndiyo, baba. Mnatosha."

"Mapokezi! Mtu na cheo changu nipite mlango mmoja na wapokea wageni?"

Ungecheka, lakini ungefanyaje? Mimi nilikuwa kibarua. Wiki ile ile ilikuwa imetoka barua ya Injinia Kessy kwamba vibarua wote wasio na cheti watapimwa, na yeyote mwenye kosa lililoandikwa kwenye daftari, mkataba wake hautaongezwa. Nyumbani Yona alikuwa kidato cha sita, Mariamu yuko kwenye ushonaji mwaka wa kwanza, Hosea bado anaota meno ya utu uzima. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia mkuu wa idara hapana. Kila aliyekuja nilimtengenezea. Halafu anahamishwa chumba, ninafuta, ninatengeneza upya kwa namba nyingine. Anabadili mawazo, ninafuta. Jumatatu mpaka Alhamisi nilifuta mitano. Sikuandika hata mmoja kwa nyekundu, wala ile mipya kwa bluu. Mzee alikuwa ameenda Kongwa kwenye msiba, na mimi nilijiambia kilichofutwa kimefutwa, nitamwandikia akirudi.

Ijumaa ilikuwa siku ya mtihani wa mwisho wa wauguzi, na mara ya kwanza kwa chuo kuufanya kwenye kompyuta. Kundi la kwanza liliingia saa mbili asubuhi kwenye chumba cha zamani. Kundi la pili lilipangiwa saa nne, chumba kipya, na chumba kipya kilihitaji mlango pepe wake ili wanafunzi wasiweze kuzifikia alama. Ilipofika saa tatu nilikaa kitini kuutengeneza. Mistari minne.

Ruta ikakataa.

Ikaandika kwamba kikomo kimefikiwa. Nikahesabu orodha. Ishirini na saba. Nikahesabu tena kwa kidole. Ishirini na saba, na kikomo ni thelathini na miwili. Bi Zuhura alikuwa amesimama nyuma yangu na funguo za chumba kipya mkononi.

"Kuna nini, Foibe?"

"Dakika moja, Bi Zuhura."

Nikafanya kile ambacho mtu mwenye hofu anafanya. Nikamfuta mkuu wa stoo ili nipate nafasi. Nikajaribu. Ikakataa. Nikafuta maktaba. Ikakataa. Nikafuta ofisi ya mabweni. Ikakataa. Mnaona nilichokuwa nafanya? Kila nilipofuta nilimfungia mtu, na nafasi haikuongezeka hata moja. Simu ikaanza kulia. Maktaba hawana mtandao. Mabweni hawana mtandao. Sadiki akachungulia na bisibisi yake.

"Da Foibe, umeme wangu mzima kabisa. Nimekuja kusema mapema kabla sijasingiziwa."

Akafuata Injinia Kessy. Akatazama saa yake, akanitazama. Saa nne kasorobo.

Mzee Chihoma aliingia akiwa bado na koti la msibani. Alikuwa ameteremka basi asubuhi ile na kuja moja kwa moja. Alisoma kioo cha kompyuta, akainama karibu na sikio langu.

"Umefuta mingapi?"

"Leo mitatu."

"Wiki hii?"

Nikamsogezea daftari. Akalifungua. Hakukuta mstari wowote wa wiki ile, bluu wala nyekundu. Akalifunga taratibu.

Injinia akasema, "Zimeni muwashe. Si ndiyo dawa yake?"

Bi Zuhura aligeuka kama aliyechomwa. "Nina wanafunzi arobaini wanaandika chumba cha zamani tangu saa mbili! Ukizima wanatupwa nje, majibu yao yanapotea, na kanuni inasema mtihani uliokatika unarudiwa muhula ujao. Nani atakwenda kuwaambia? Wewe?"

Injinia akampisha Mzee.

Mzee alivuta kiti. Hili ndilo nataka mlishike hata mkisahau mengine yote niliyoandika. Alisema, "Hatuzimi, na hatufuti tena." Akatafuta kwenye orodha mlango ulio hai ambao hauna kazi asubuhi ile. Akaupata, mlango wa wageni wa mgahawa. Hakuufuta. Aliubadilisha namba ukiwa hai. Akaubadilisha anwani. Akaubadilisha jina. Mlango ni ule ule na kiti ni kile kile, aliyebadilika ni mhudumiwa tu. Kikomo hakikuguswa, kwa sababu hakuongeza mlango wa thelathini na tatu, aliuhamisha mmoja wa ile thelathini na miwili. Dakika kumi na kitu, pamoja na kurekebisha swichi, kisanduku kinachozigawia mtandao kompyuta za chumba kipya. Wageni wa mgahawa walikosa mtandao asubuhi ile, wakala chapati zao kimya.

Kundi la pili liliingia saa nne na dakika ishirini. Kundi la kwanza halikujua kama kuna kitu kilitokea. Saa saba mchana, wote walipomaliza, tulihifadhi, tukazima, tukawasha, viti vya marehemu vikaachia, nami nikarudisha maktaba, mabweni na stoo.

Lakini kabla ya saa saba kulikuwa na swali. Dakika ishirini zile za kuchelewa ilibidi Bi Zuhura aziandikie ripoti, na ripoti inataka sababu. Injinia Kessy alichukua daftari, akalifungua mbele yetu.

"Nani amefuta milango kwenye ruta hii bila kuandika?"

Nilifungua mdomo. Nawaapia nilifungua.

"Ni mimi," akasema Mzee Chihoma.

"Wewe ulikuwa msibani."

"Nilifuta Jumatatu asubuhi kabla sijasafiri. Haraka ya msiba. Niliona nitaandika nikirudi." Halafu, bila kunitazama, kwa sauti ile ile ya kila siku, "Foibe, nenda chumba kipya ukaangalie taa za swichi."

Nilikwenda. Taa zilikuwa zinawaka, nilijua zinawaka. Nilizitazama muda mrefu kuliko taa zinavyostahili. Niliporudi alikuwa ameshaandika, nyekundu, kwa mkono wake ule wa herufi zilizolala: milango imefutwa bila kuandikwa, kosa ni langu, E. Chihoma. Injinia alikuwa anaweka saini. Bi Zuhura alikuwa ananitazama mimi. Yeye alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu asubuhi yote, alikiona kidole changu kikifuta. Hakusema neno.

Na mimi sikusema. Si siku ile, si kesho yake, si mkataba wangu ulipoongezwa, si nilipoajiriwa moja kwa moja.

Mzee alipewa barua ya onyo. Ulikuwa umepangwa mkataba wa yeye kubaki baada ya kustaafu awe anafundisha mafundi wapya, ulifutwa. Aliondoka bila sherehe, amebeba redio yake na kikombe chake. Sadiki ndiye aliyeanzisha msemo. Hakuwa na ubaya, ulimi wake tu ulikuwa haukai. Mtu akisahau kuandika, Sadiki anapaza sauti korido nzima, "Jamani, mmoja kapiga Chihoma huku!" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa katika waliocheka.

Miaka ikapita, nami nikawa fundi mzuri. Nasema hivyo bila aibu. Hakuna mlango nilioufuta tena bila nyekundu. Mkuu wa idara akija na cheo chake nilimwambia, "Baba, shikamoo, kaa hapa nikuonyeshe hesabu," nikampa daftari ahesabu mwenyewe, akaondoka kimya. Kila mwisho wa muhula niliomba saa moja ya kuzima ruta ili nafasi zisafishwe, nikapewa. Yona alimaliza, Mariamu ana duka lake la kushona, Hosea ni mwalimu na anaota mvi. Mkono ulioshika ruta ile ulikuwa thabiti. Ila nilijua ulikuwa umesimama juu ya mgongo wa nani.

Siku ya kuniaga, ninyi wengi mlikuwepo. Sadiki ndiye aliyeshika kipaza sauti. Akasema, "Mama huyu, miaka yote niliyofanya naye kazi, hajawahi kupiga Chihoma hata mara moja!" Ukumbi ukapiga makofi. Nikapewa cheti kwenye fremu, kimeandikwa utumishi usio na dosari. Ni cheti cha kwanza na cha pekee nilichopata maishani. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikatabasamu kwenye picha.

Bi Zuhura, aliyekuwa ameshastaafu na kualikwa kama mgeni, alikaa mstari wa mbele. Hakupiga makofi. Alirekebisha mtandio wake ambao haukuwa umeteleza. Wakati wa kutoka alinishika mkono, akasema, "Foibe, Mzee Chihoma yuko hai. Kongwa si mbali."

Nilikwenda wiki iliyofuata. Nilimkuta kwenye alizeti zake, amenyooka kuliko mimi, nikamsalimu kwanza kwa Kigogo.

"Mbukwa, Mzee. Shikamoo."

"Mbukwa, mwanangu. Marahaba. Umenenepa, ruta zinalipa."

Tulikula ugali wa uwele na mlenda, na baada ya kunawa nikamweleza yote, mpaka msemo. Alicheka akakohoa. "Kupiga Chihoma! Sadiki mbaya sana yule."

"Si jambo la kucheka, Mzee."

"Kwangu ni la kucheka. Hapa hakuna ruta, mbuzi wangu hawajui habari hizo."

"Kwa nini ulifanya vile?"

"Wewe ulikuwa na midomo mitatu inakusubiri. Mimi nilikuwa na shamba."

"Na ule mkataba wa kufundisha?"

"Niliutaka," akasema. "Sitakudanganya. Niliutaka sana."

Nikainamisha kichwa. Akaongeza, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, "Mjukuu wangu Tabitha amepata nafasi ya kusoma mambo ya mtandao, chuo kile kile. Anatumia jina langu. Mama yake amemwambia, wakimuuliza, aseme sisi ni Chihoma wengine."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kitu nilichokiita cha zamani kilikuwa bado kimekalia kiti.

Nilitoka Kongwa nikaja moja kwa moja kwa Bi Zuhura. Mnaijua kanuni ya daftari: mstari mmoja juu ya kosa, lililo sahihi pembeni, saini yangu, na saini ya mtu wa pili aliyekuwepo. Injinia Kessy alishahama na alichokiona ni kile alichoambiwa. Sadiki alichungulia tu. Mzee hawezi kuwa shahidi wa jambo lake mwenyewe. Kati ya watano, aliyebaki ni yeye.

"Nitasaini," akasema Bi Zuhura, akinimiminia chai. "Miaka yote hii kalamu yangu iko tayari. Lakini si hapa sebuleni, watu wawili tumejifungia. Ule msemo ulisemwa ukumbini. Utasimama mbele ya wale vijana, utasema kwa mdomo wako, Sadiki akiwepo. Hapo nitasaini."

"Naanza kwa kuandika, Bi Zuhura. Wasome kwanza."

"Andika. Kunywa chai."

Basi nimeandika. Nilimaliza leo asubuhi, na tangu asubuhi nimekishusha kile cheti ukutani mara mbili na kukirudisha mara mbili. Mafundi nimewafundisha, ruta nimeziacha safi, hesabu yenu ya milango iko sawa mpaka siku niliyotoka. Tabitha ameshaanza masomo. Daftari liko kwenye kabati la chumba cha mitambo, rafu ya chini, na ukurasa ule mnaufungua wenyewe mnapowaonyesha wapya kosa la kuepuka. Maandishi mekundu, herufi zilizolala. Mpaka ninapoweka kalamu chini hakuna mstari uliopigwa juu yake, pembeni ni peupe, na jina lililopo si langu.